Raba za Shangazi Lesieli

Auckland, 3 Februari 1997

Shangazi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima wewe, kaka yangu Maka na wanawe, pamoja na nguruwe waliosalimika baada ya karamu za wiki ya maombi. Sisi huku hatujambo. Semisi yuko palepale kiwanda cha maboksi, nami nipo palepale nafua mashuka ya hospitali. Joto la mwezi huu linatutesa, lakini sithubutu kumlalamikia mtu wa kisiwani Niuatoputapu kuhusu joto.

Habari ya kwanza ni nzuri na naiandika kwa woga. Nina mimba tena, miezi miwili na ushee. Unajua zile mbili zilizotangulia ziliishia wapi, kwa hiyo hatujamwambia mtu kanisani. Mume wangu anajua, na sasa unajua wewe, kama inavyotakiwa kwa dada wa baba.

Habari ya pili iko kwenye kifurushi atakachokuletea mchungaji akirudi na meli. Ni raba, nyeupe, za kutembelea, na soksi zake. Usicheke kwanza. Mimi nikipeleka mashuka safi kwenye wodi ya wanaokatwa miguu kwa ajili ya sukari, nasikia Kitonga toka mlangoni. Nusu ya wodi ni watu wetu. Wananiuliza mtoto wa nani, natamani kukimbia. Baba naye alianza na kidole kimoja. Wakakata kidole, wakakata mguu, tukazika. Mama alipokufa ni wewe uliyenilea, na kwa kuwa baba, kaka yako, hayupo tena, mimi sina mzazi mwingine duniani.

Nakuomba basi, kwa kuwa nawe una sukari. Asubuhi jua likiwa bado pole, vaa raba utembee toka hapo Hihifo hadi kijiji cha Vaipoa, urudi. Punguza mbavu za kondoo, zile zinazoacha mafuta meupe kwenye sufuria. Punguza sukari ya chai. Manesi wa huku wanasema mtu akijipenda, anajua ale nini na aache nini. Jipende kidogo, Shangazi, hata kama ni kwa ajili yangu tu.

Semisi anakusalimu kwa heshima.

Binti yako,
Fusi


Hihifo, 11 Machi 1997

Fusi binti 'Inoke,

Marahaba, mwanangu. Barua imefika na meli ya juzi, imelowa pembeni lakini imesomeka. Sisi wazima. Maka amejenga banda jipya la nguruwe na limeshaanguka. Nguruwe unaowaulizia wamebaki watatu, mmoja ana mimba kama wewe, kwa hiyo tunawaombea wote wawili.

Nimelia kwa furaha, kisha nikajinyamazisha. Sasa nisikilize. Unamkumbuka Vika wa pale Falehau, siku zile alipolala na uchungu mtoto hatoki, mpaka wakaenda kumleta shangazi yake aliyekuwa amenuna kwa ajili ya mkeka? Shangazi mtu akasema nimeachilia, na mtoto akatoka. Wewe unaishi na madaktari, utasema ni bahati. Haya, iwe bahati. Mimi nakuandikia kwa mkono wangu: mimi dada wa baba yako sina neno nawe. Sina hata nusu ya neno. Lala usingizi.

Raba nimezipata. Jamani, Fusi! Kijiji kizima kimekuja kuzitazama. Nilizivaa kanisani Jumapili ileile, na mkeka wangu wa heshima kiunoni juu yake, na mke wa mchungaji akapotea kwenye wimbo. Maka akaniuliza kama nimechaguliwa timu ya raga. Acha waseme. Zimetoka kwako, nitazivaa.

Kutembea ndiyo sielewi. Niende Vaipoa kufanya nini? Nikitokea, watu watatoka nje waulize nani amekufa. Nitajibu hakuna, natembea tu, halafu nigeuze nirudi? Watanipandisha farasi wanirudishe kwa Nesi Kalolaine aniangalie kichwa.

Na hilo neno la kujipenda usiliandike tena. Hapa kwetu anayejipenda ni yule anayefunika sufuria wageni wakipita. Wewe umelelewa hapa, unajua. Kwenye msiba na kwenye harusi, nguruwe mkubwa anawekwa mbele yangu mimi dada mtu. Viazi vikuu vya kwanza vya shamba la Maka vinakuja kwangu kabla wanawe hawajaonja. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuchinja bila kuniletea mgongo. Nikiisukuma sahani, nitakuwa nimemsukuma nani? Mimi nakula kwa kuwa napendwa. Hiyo inanitosha.

Kula ushibe, mko wawili.

Shangazi yako,
Lesieli


Auckland, 8 Aprili 1997

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa sauti jikoni na Semisi amecheka mpaka chai ikampalia. Tunaendelea vizuri. Tumbo limeanza kuonekana, na wanawake wa kanisani wameshaanza kulishika bila kuniomba ruhusa. Wanasema ni msichana kwa vile uso wangu umevimba.

Asante kwa maneno yako kuhusu mimba. Sikwambii yamenituliza kiasi gani. Madaktari ni madaktari, lakini nikishtuka usingizini nairudia ile sentensi yako mpaka nilale tena.

Umevaa raba. Nimefurahi. Lakini kuzivaa kanisani na kukaa si kutembea, Shangazi, usinizungushe. Na Nesi Kalolaine amekupima sukari lini? Umeniandikia ukurasa mzima na namba ya kipimo haimo. Ukisema huna muda nitamwandikia yeye. Sahani yako usiisukume, sawa, nimekuelewa, lakini si unaweza kupokea, ukashukuru, halafu ukawagawia watoto wa Maka? Mkuu wa msiba halazimiki kumla nguruwe mzima.

Mimi hospitali wananiita kliniki mara kwa mara, ni kawaida yao, wanapenda kuandika andika. Nakula vizuri. Huna haja ya kunihofia.

Nijibu kuhusu namba.

Binti yako,
Fusi


Hihifo, 12 Mei 1997

Fusi,

Marahaba, mama. Jumapili ya watoto imepita salama. Mtoto mdogo wa Maka alisimama mbele ya kanisa, akasahau aya yake, akaimba wimbo wa shuleni badala yake, na watu wakapiga makofi hivyohivyo. Baada ya ibada walipanga chakula toka mlangoni kwa mchungaji hadi barabarani. Mimi nilikaa nikatazama. Kulikuwa na pweza kwenye tui, mwaka huu pweza ni wengi.

Nimeanza kukusukia mkeka wa mtoto, wa majani membamba kabisa. Nasuka ndani siku hizi, nje kuna upepo. Kalolaine anapita kila siku kunisalimia. Ni binti mzuri, mkono mwepesi. Amenipima na amesema namba ni ileile ya siku zote.

Raba zipo. Nimezitunza vizuri juu ya kabati zisichakae. Natembea, natembea, usinikimbize.

Hapa mvua imerudi na nzi wamekuwa wengi, ila Maka ameninunulia chandarua.

Umesema uso umevimba. Miguu je? Usisimame sana kazini. Mwambie mkubwa wako wa kazi kwamba shangazi yako amekataza.

Mimi nawe hatuna neno. Nalirudia kusudi.

Lesieli


Auckland, 10 Juni 1997

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Meliame wa kijijini kwako amefika kwa ndege wiki iliyopita kumwona mwanawe. Juzi baada ya ibada alinikumbatia, akaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akaona sijui, akataka kuondoka, nikamshika mkono mbele za watu mpaka akasema. Amesema Jumapili ya watoto ulifika kanisani umebebwa kwenye kiti, Maka mbele na jirani nyuma. Amesema mguu wa kushoto umefungwa kanga hadi kifundoni, na wimbo ulipoanza wote walisimama, wewe hukusimama. Amesema ndani ya nyumba yako kuna harufu.

Wewe uliniandikia kuhusu pweza.

Nakuuliza, na nakuomba usinizungushe kwa mzaha, mguu wako una nini? Umeanzaje, na Kalolaine anasemaje? Kwa nini hukuniambia? Nimemuuliza daktari wa pale wodini bila kumtajia jina, akaniambia kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari hakisubiri meli.

Fusi


Hihifo, 1 Julai 1997

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Maka mzima, wanawe wazima. Meliame mdomo wake haujawahi kumtosha, na nitamwambia akirudi.

Umeuliza kwa kunitazama usoni, kwa hiyo nakujibu. Kukudanganya sasa kungekuwa kubaya kuliko kunyamaza.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu alikufa mzee mmoja wa Falehau, na sisi tulipaswa kutembea nyuma ya jeneza. Nikajiambia, leo nitatembea kama Fusi anavyotaka, maana leo nina pa kwenda. Nikavaa raba zako. Njia ni mbali na jua lilikuwa kali, lakini nilijiona nimechangamka, nikawapita hata wanawake vijana. Nilikuwa nasema moyoni, laiti angeniona. Kumbe kijiwe cha tumbawe kimeingia ndani ya raba. Mimi sikusikia kitu. Miguu yangu haisikii tangu siku nyingi, hata ukiichoma na mwiba, na hilo nalo sikuwahi kukuambia. Niliporudi nikavua, nikaona soksi nyeupe imekuwa nyekundu.

Nilikiosha kidonda. Nikaweka majani. Kalolaine alipokiona kilikuwa kimeshaingia ndani, na alinigombeza kama mtoto, akisema mtu wa sukari havai kiatu cha kufunika bila kukung'uta na kutia mkono ndani. Sasa vidole vitatu vimekuwa vyeusi. Ndiyo, kuna harufu. Chandarua nilichokutajia ni kwa ajili ya nzi wanaofuata mguu.

Unauliza kwa nini sikusema. Ningesemaje, Fusi? Kwamba raba zako zimenila mguu? Hilo ni neno, na ni neno la shangazi kwa binti mwenye mimba, baada ya mimba mbili kutoka. Nilimkataza Maka, nikamkataza Kalolaine, nikawaambia atakayemwandikia Fusi asinizike. Nilitaka mtoto azaliwe kwanza.

Kalolaine anataka nipande meli niende hospitali ya Nuku'alofa nikakatwe. Anakuja kila siku ananibembeleza, na kila siku namwambia hapana, na wewe nakwambia hapana. Nilikuwepo baba yako alipokatwa. Kwetu dada haingii anapolala kaka yake, kwa hiyo nilikaa kibarazani, nikamsikia akiomba maji, nami niko hatua chache tu na siwezi kumpelekea. Nikawa naita manesi na hawanisikii. Walimkata na hatukurudi naye. Mimi nitafia kwenye mkeka wangu na miguu yangu miwili, watu wakiniimbia.

Nimechoka, mwanangu. Usilie. Mkeka wa mtoto umebaki pembe moja, nitaumaliza. Sina neno nawe.

Lesieli


Auckland, 15 Julai 1997

Shangazi,

Naandika nimekaa chini sakafuni. Nimejifunga kiunoni mkeka uliochakaa, ule wa msiba wa baba, na nimeinamisha kichwa kama waombavyo radhi kwetu. Ningekuja kuketi mbele ya mlango wako, lakini daktari amenikataza ndege, na sababu ya kukatazwa ndiyo niliyokuficha.

Nina sukari. Walinipima mwezi wa nne, siku zilezile nilipokuandikia kwamba nakula vizuri na kliniki ni kawaida yao. Walisema imeletwa na mimba, huenda ikaisha na huenda isiishe. Wakanipa sindano za kujidunga. Siku nyingine najidunga, siku nyingine naziacha kwenye friji nafanya kama sizioni. Mimi niliyekuhubiria kuhusu mbavu za kondoo nakula biskuti nimesimama nyuma ya mashine ya kukausha, pakiti nzima, haraka, kisha naificha karatasi ndani ya kapu la mashuka machafu. Kesho yake najichukia, nakaa na njaa. Kliniki ikikaribia sili kabisa, ili kipimo kisome vizuri na nesi anisifu, na kweli ananisifu. Semisi hajui. Kioo cha bafuni nimekigeuza kikatazama ukuta, nimemwambia kimelegea. Neno la kujipenda nililisikia kwa manesi nikakutumia wewe kwa posta, kwa sababu mimi sikujua pa kuliweka.

Nisamehe uongo huo kwanza. Sasa raba. Ni mimi niliyezinunua. Nafanya kazi ghorofa moja chini ya wodi ya miguu na sikuwahi kuuliza kama mguu wako unasikia. Nilidhani kukupenda ni kukutumia kitu. Wewe ukavaa kitu changu kwa upendo, kikakula, nawe ukanyamaza kwa ajili ya tumbo langu.

Unasema huna neno nami. Sikuamini, Shangazi, na nisamehe kwa kukwambia hivyo. Nani angeoza mguu kwa zawadi ya mtu asiwe na neno naye? Neno lipo, umelimeza tu. Sasa nijibu kama unavyotujibu sisi tunapokosea: ukifa nalo, nani ataliondoa juu ya mtoto wangu? Shangazi yake Vika walimwendea akiwa hai. Mimi nitamwendea nani? Nitaliita kaburi? Baba amekwenda, wewe ndiye dada yake pekee, hakuna mwingine mwenye mdomo wa kuniachilia. Ukifia kwenye mkeka wako na miguu miwili na nyimbo zote, mimi nitakaa na hofu hiyo siku ya uchungu na siku zote atakazougua mtoto.

Najua uliyoyasikia kibarazani. Lakini baba alikwenda wakati damu yake yote ilikuwa imeshaoza, kwa sababu alingoja, kwa sababu na yeye aliona aibu. Panda meli. Sikuombi ujipende. Sitaliandika tena neno hilo. Nakuomba unihurumie mimi. Mtoto anategemewa mwisho wa mwezi wa nane.

Niko chini sakafuni mpaka unijibu.

Fusi


Nuku'alofa, 20 Agosti 1997

Fusi mwanangu,

Inuka sakafuni. Mwenye mimba hakai kwenye baridi, na huko kwenu ni baridi sasa.

Maka anakusalimu, amelala chini ya kitanda changu hapa na anakoroma. Kalolaine alisafiri nasi na amesharudi kisiwani na meli. Barua yako alinisomea yeye, kwa kuwa siku ilipofika macho yangu yalikuwa na homa. Alifika pale penye kaburi, akashindwa kuendelea, na mimi nikamwambia nifungashie nguo.

Bahari ilikuwa mbaya na meli ikakaa kisiwani Vava'u ikingoja mafuta. Tulipofika hapa habari ya vidole ilikuwa imeshapitwa. Wamekata juu ya goti. Nimeamka nikapeleka mkono nikakuta shuka tu. Sitakudanganya tena: nililia mpaka mwanamke wa kitanda cha pili akaanza kuniombea, na nilimlaani daktari, na meli, na kijiwe. Nililia kwa ajili ya kaka yangu, maana sasa najua alikuwa anasikia nini mle ndani. Maumivu yapo kwenye mguu ambao haupo. Kuna kijana wa mazoezi ananishikisha vyuma nitembee toka kitandani hadi dirishani, na kila nikifika dirishani nalia. Kisha ananigeuza tunarudi.

Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kula, jamaa zetu wa hapa walileta kikapu. Unawajua. Nguruwe mwenye ngozi ya kukauka, majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo na tui, mbavu za kondoo. Wakafunua mbele yangu kwa heshima zote, wakakaa chini. Nisikufiche, mate yalinijaa. Nikasema rudisheni, nataka samaki wa kuchemsha, bila tui, na mboga. Maka akafikiri nimekasirika, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya ukoo. Nikamwambia, "Sijakasirika. Nadai."

Unajua neno hilo likitoka kwangu linafanya nini. Maka alikwenda sokoni peku, akikimbia. Samaki akaja, hana ladha, nikamla. Na nikakaa nikifikiri, Fusi, miaka yote hii nina haki ya kudai chochote kwa watoto wa kaka yangu. Nimedai mikeka nikawapa wengine. Nimedai nguruwe nikawagawia wengine, na kilichobaki nikakila kwa kuwa kimeletwa. Sikuwahi kudai samaki. Nilikuwa nakula mapenzi ya watu na hakuna aliyejua nahitaji nini, kwa sababu sikusema, kwa sababu nilidhani kusema ni ubinafsi.

Sasa la kwako. Ulisema kweli. Nilikuwa na neno nawe, na halikuanza na raba. Lilianza pale uliponiandikia nijipende, kana kwamba mimi ni mgonjwa wako wa wodini, wewe uliyeondoka ukaniacha na kaburi la baba yako. Soksi ilipokuwa nyekundu, neno likawa kubwa. Nilikukasirikia sana. Nilisuka mkeka wa mtoto huku nimekukasirikia, kisha naogopa, naandika sina neno.

Jana nimemwita Maka, na mchungaji wa hospitali, na yule mwanamke wa kitanda cha pili. Nimelisema lote kwa sauti mbele yao, bila kupunguza. Maka amelia. Halafu nimesema: mimi Lesieli, dada wa 'Inoke, nimemwachilia Fusi, limekwisha, lisimfuate wala lisimguse mtoto. Wote wamesema amina. Wao ni mashahidi, waulize. Huna kaburi la kuliita.

Lakini sijamaliza nawe. Biskuti nyuma ya mashine, sindano kwenye friji, njaa ya siku ya kliniki. Umeniandikia mambo hayo ukidhani nitakuhurumia. Nimekuhurumia, na sasa nadai.

Naudai mwili wako. Wewe umeshindwa kuupenda, nami sitakulazimisha, najua ilivyo. Basi nimeuchukua. Kuanzia siku utakayosoma barua hii si wako, ni wangu, kwa haki ile ile niliyochukua nayo mkeka wa harusi yako. Maka amesikia na hakuna wa kunipinga. Utautunza kama unavyotunza kitu cha mtu mkubwa kilichoachwa nyumbani kwako. Utaudunga sindano kwa saa yake. Hutaunyima chakula changu ili nesi akusifu. Hutaulisha umesimama, umejificha, kama mwizi, kwa sababu hakuna anayeiba ili kulisha mali ya shangazi yake. Utamwambia Semisi leo hii, naye atakigeuza kioo, maana nataka mali yangu ionekane. Miguu yangu hiyo miwili uliyonayo huko, kila jioni utaikagua nyayo kwa mkono.

Usiniandikie kwamba unanipenda, nalijua hilo. Niandikie umekula nini leo.

Shangazi yako,
Lesieli